Siku saba za aliyevuka mpaka

Basi letu la Kigoma–Tabora lilisimamishwa kizuizini, afisa akapanda kukagua vitambulisho. Mama wa kiti cha mbele yangu alitoa kadi ya mpiga kura iliyofifia. Akaulizwa ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, hana. Kwao wapi? Heru Juu, kule Kasulu, akajibu, kwa lafudhi ya Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma. Akaambiwa ashuke. Alishuka na mtoto mgongoni na furushi kichwani, basi likaondoka. Abiria wote tulinyamaza, nami nikiwemo.

Kiha na Kirundi, lugha ya jirani zetu wa Burundi, vinasikilizana. Ukimsaka "mhamiaji haramu" kwa lafudhi, utashusha nusu ya Kasulu.

Wanaotaka mkono mkali dhidi ya wanaovuka mpaka naishi nao, na hawasemi ovyo. Mkoa huu wa Kigoma ulipokea Warundi 1972, ukafungua kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo 1996, na 2015 Warundi wakafurika Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mpaka kipindupindu kikalipuka huku meli ya MV Liemba ikiwasomba kuwaleta mjini. Misitu imeishia kwenye kuni. Silaha zimevuka pia, na wapo waliotekwa na majambazi njia ya Kibondo. Serikali ina haki ya kujua nani ameingia. Hilo sibishani nalo.

Ninachobisha ni kumfanya mtu mhalifu kabla hajasikilizwa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inampa anayeomba hifadhi siku saba tangu aingie ajitokeze, hata kwa mtendaji wa kijiji. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ibara ya 31, unakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari ya maisha, mradi ajitokeze bila kuchelewa na atoe sababu ya kuridhisha. Anayekimbia risasi usiku hatafuti geti lenye mhuri. Anavuka mto Malagarasi pale maji yanapomruhusu. Akishasikia kwamba kujitokeza ni kujipeleka rumande, atajificha. Atalima shamba la mtu msimu mzima, na siku ya malipo mwenye shamba atamtishia kumripoti. Hapo serikali nayo imekosa ilichokitaka, maana mtu yumo nchini na jina lake halimo popote.

Vijana wa Ethiopia wanaopitishwa kwenda Afrika Kusini ni suala tofauti kidogo. Wengi wao hawaombi hifadhi hapa, na sheria ya uhamiaji inawahusu. Hata hivyo, kifungo kirefu ningempa wakala aliyewajaza kwenye lori.

Nenda Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, uone Warundi waliokuja 1972 bila mhuri wowote. Wanalima tumbaku, na kufikia 2014 zaidi ya 160,000 wa kundi lao, pamoja na wa makazi ya Katumba na Mishamo, walipewa uraia.

Kwa hiyo ningeanzia kwa watendaji wa vijiji vya mpakani kama Manyovu, Kagunga na Mabamba. Wapewe daftari la kuwaandikisha wanaoingia, wafundishwe maana ya zile siku saba, na mgambo waagizwe kumpeleka mgeni kwa mtendaji kabla ya kumpeleka kituoni.