Mapovu ya ioni baada ya magharibi: ni mwinuko au ni mbegu?

Jua likishazama ukanda wa ikweta, tabaka la ioni (chembe za hewa zenye chaji ya umeme) lililo kilomita 300 hivi juu yetu hupanda zaidi, likisukumwa na umeme unaozalishwa na upepo wa huko juu ukikatiza uga wa sumaku wa dunia. Usiku mwingine, tumboni mwake huchomoza mapovu: maeneo makubwa yenye ioni chache, yanayopaa mamia ya kilomita. Mawimbi ya GPS yakipita humo huyumba, na kipokezi cha mpima ardhi huweza kupoteza setelaiti.

Kwamba tabaka zito huelea juu ya jepesi kisha hupinduka, kama maji juu ya mafuta, mwanafizikia Dungey alilipendekeza mwaka 1956. Ubishi uko kwenye kinachoanzisha.

Wengine hushikilia mwinuko wenyewe, na hoja yao ni migongano. Kwenye kilomita 100, ioni hugongana na molekuli za hewa maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye 300, mara moja hivi au pungufu. Migongano ni breki: tabaka likipanda, breki hulegea, povu hukua haraka.

Wengine wanauliza: mbona jioni mbili zenye mwinuko ule ule, moja ina mapovu na nyingine haina? Wao hutafuta mbegu, yaani mawimbi ya hewa yatokayo kwenye mawingu ya radi.

Afrika inawabana wa kwanza. Hapa mistari ya sumaku inakaribia kwenda kaskazini-kusini, na mstari wa machweo hulala sambamba nayo miezi ambayo usiku na mchana hulingana, ndipo mwinuko huwa mkubwa; kwa hiyo msimu wa mapovu ungekuwa Machi-Aprili na Septemba-Oktoba. Hata hivyo setelaiti huyaona pia Juni na Julai, wakati ukanda wa radi umesogea kaskazini, karibu na ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa sumaku hulala sambamba na ardhi) inayopita Ethiopia. Lakini mawimbi mengi ya radi hufifia kabla ya kufika huko juu, na sadfa ya mahali si ushahidi.

Naona mwinuko unapanga msimu, mbegu inaamua usiku. Kinachoniuma ni kwamba Peru ina rada ya Jicamarca tangu miaka ya 1960, ilhali Afrika, yenye mapovu mengi hivi, haina rada ya kiwango hicho ya kuyafuata tangu yanapoanza.