Yule Daktari Mweusi Ana Jina

Jumapili usiku, kwenye kundi letu la WhatsApp la walevi wa vipindi vya zamani, shemeji alirusha kipande cha Fawlty Towers, kile kichekesho cha zamani cha Waingereza kuhusu hoteli. Ni pale Basil, mwenye hoteli, amekwenda kumwona mkewe hospitalini, anageuka, anamkuta daktari mweusi, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kundi likachangamka. Mmoja akaandika, "Huyo daktari mweusi huniua mbavu." Nikauliza, anaitwa nani?

Kimya. Watu wanaojua hadi habari za yule mhudumu wa Kihispania na panya wake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu.

Anaitwa Louis Mahoney. Alizaliwa Bathurst mwaka 1938, mji ambao leo ni Banjul, Gambia. Mwaka 1957 alitua London kusomea udaktari. Akaupa udaktari kisogo, akaenda kusomea uigizaji Central School of Speech and Drama. Na televisheni ya Uingereza ikampa nini? Koti jeupe. Naiwazia barua ya kwenda nyumbani: wazee wangu, hatimaye nimekuwa daktari, ila ni wa BBC.

Sasa kirudie kile kipande, lakini safari hii usimtazame John Cleese, anayemwigiza Basil. Najua ni vigumu, yule bwana ni miguu mitupu. Mtazame Mahoney. Hashtuki, hakasiriki, habembelezi. Anajitambulisha kama mtu aliyeshaona mishtuko ya aina hiyo tangu asubuhi na bado ana wagonjwa wanamngoja. Angekunja uso kidogo tu, kichekesho kingemgeukia yeye. Kwa kuwa ametulia, mjinga anabaki Basil peke yake. Kazi hiyo haina sentensi hata moja ya kukumbukwa, na ndiyo iliyobeba tukio zima.

Kinachonikera hasa ni Juni 2020. Mnakumbuka: UKTV, kampuni ya televisheni ya Uingereza, walikiondoa kipindi hicho, kile cha "The Germans" kilichorushwa 1975, kwa sababu ya matusi ya kibaguzi ya yule Meja mzee anayeishi pale hotelini. Dunia ikagawanyika. Cleese akaja juu, kipindi kikarudishwa na onyo mbele yake. Mimi, kwa shingo upande, nakubali kwamba Cleese alikuwa na hoja: anayechekwa pale ni Meja na ubaguzi wake, si wanaotukanwa. Haya, amepata hiyo moja.

Lakini katika mabishano yote niliyosoma, na nilisoma mengi maana tulikuwa tumefungiwa ndani na corona, sikuona mtu akisema kwamba ndani ya kipindi hichohicho kuna mtu mweusi ambaye bado yu hai. Kila mtu alikuwa anajua namna mtu mweusi anavyopaswa kujisikia. Wa upande huu walimlinda, wa upande ule walimwambia asiwe mwepesi wa kununa. Mahoney mwenyewe alikuwa mzee wa miaka 81. Tarehe 28 ya mwezi uleule akafariki dunia.

Na si kwamba hakuwa na la kusema! Huyu ni mtu aliyepigania haki za waigizaji weusi ndani ya Equity, chama chao cha wafanyakazi, akawa mmoja wa makamu wa rais wake kati ya 1994 na 1996. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Performers Against Racism, wakati Afrika Kusini bado ina makaburu madarakani na baadhi ya wasanii wenzake wakiona taabu kukosa soko huko. Suala la nani anachekwa, nani analipwa na nani anaishia kuwa mtumishi wa kubeba sinia alilijua kwa mifupa yake. Vikao vile alivikaa wakati wengi wa wabishi wa 2020 hawajazaliwa.

Nafasi zake nyingine ukizifuata zinakuleta hadi kwetu. Yumo kwenye Shooting Dogs, ile filamu ya mauaji ya kimbari iliyopigwa Kigali penyewe. Yumo kwenye Captain Phillips, baharia katika meli iliyokuwa inakuja Mombasa. Umemwona, wallahi umemwona, ila ulikuwa unamtazama Tom Hanks.

Na kama una dakika arobaini na tano tu, tafuta "Blink", kipindi cha 2007 cha Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya kusafiri katika wakati. Kijana mpelelezi anamchombeza msichana, anaomba namba ya simu, halafu kwa hila za hadithi anatupwa nyuma hadi 1969. Simu ya msichana inalia muda huohuo. Anakimbilia hospitali, anamkuta yule kijana ni mzee kitandani, mvua ni ileile. Mzee ndiye Mahoney. Ana tukio moja. Ameambiwa kwamba uhai wake utakwisha mvua ikikatika, na anaisema habari hiyo kwa upole wa mtu anayekuaga stendi huku basi limeshawashwa. Msichana anabaki kumshika mkono. Nimekitazama mara tano na ya tano nikasingizia vitunguu.

Majina ya mwisho yakaanza kupanda, na kabla sijafika la tatu, programu ikayaminya pembeni na kuniletea kipindi kingine. Zamani kituo kimoja cha hapa kilikuwa kikiyakata kabisa kupisha tangazo la sabuni. Angalau wale walikuwa na njaa ya shilingi.

Basi nikaandika jina kwenye kundi, herufi kubwa, pamoja na haya yote kwa ufupi wangu, yaani meseji nne ndefu. Nikapata dole gumba moja. Baada ya nusu saa shemeji akajibu: "Kumbe amefariki? Tulete basi hicho cha mvua."