Kanyaga Breki, Mwanangu

Elfu thelathini. Niacheni niitamke tena polepole, maana tangu juzi imenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Elfu thelathini, faini, kwa ajili ya balbu. Si injini, si giaboksi, wala sijamkosakosa mtoto wa mtu. Balbu ya taa ya breki, upande wa kulia, kidude ambacho kikisahaulika kwenye mfuko wa kanzu kinafuliwa na kuanikwa bila mtu kujua.

Mwenzenu nilikuwa natoka Muheza na pikapu yangu ya machungwa, alfajiri, taa nimewasha kama raia mwema. Kwenye usukani nimekaa wima. Mtu anayemiliki chombo cha moto hakai kama gunia, hata kama mlango wa kushoto wa chombo chenyewe unafungwa kwa kamba ya katani. Nafika Kange, naingia Tanga mjini, afande wa trafiki huyo, mkono juu. Nikasimama kwa adabu. Bajaji iliyokuwa nyuma yangu haikusimama kwa adabu. Ilikuja kutia pua chini ya bodi, machungwa mawili yakamdondokea dereva mapajani. Hakuyarudisha.

"Mzee, taa yako ya breki haifanyi kazi."

"Inafanya, afande. Njoo uione, hiyo inawaka."

"Inawaka muda wote, mzee. Ukikanyaga iko vilevile, ukiachia iko vilevile. Huyu wa bajaji angejuaje?"

Huyu wa bajaji alikuwa tayari anamenya.

Nikapewa karatasi yangu yenye namba ya malipo, nikasema ahsante. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela yenyewe. Ahsante ya nini?

Na balbu hiyo ilikuwa mpya! Wiki iliyopita tu kijana mmoja wa hapa mtaani, anayeitwa fundi kwa sababu ana bisibisi, ndiye aliyeniwekea. Alipomaliza akasema, "Imekaa mzee, ila ilikuwa mbishi kidogo." Nilipaswa kuuliza ubishi wake ulikuwa wa nini. Sikuuliza. Mwenye gari akiuliza maswali mengi anaonekana hana hela.

Taa za mbele sizitaji. Habari yao iliisha mwaka jana, niliposhawishiwa niweke balbu za wati 100 badala ya zile za 60 kwa 55. Usiku wa kwanza zilimulika mpaka Pemba. Siku ya tatu plagi yake ikalainika kama halua.

Sasa taa ya breki ina fitina yake: anayekanyaga haoni, anayeona hakanyagi. Nyumbani mama watoto alikuwa na sambusa kwenye mafuta, akasema akitoka zikaungua nitazila mimi, zote hamsini. Watoto shule. Nikaegemeza tofali kwenye pedali nikazunguka nyuma mbio. Tofali likaanguka kabla sijafika. Mara tatu. Jirani akaniuliza dirishani kama daktari ndiye kaniambia nikimbie.

Ndipo nikafanya kosa. Nikaipeleka pikapu kwenye baraza la kahawa.

Pale barazani huwezi kuomba kitu kabla salamu hazijakwisha, na salamu za Tanga haziishi, zinapumzika tu. Tulipofika kwa shemeji aliyeko Mombasa na mguu wake, nikachomekea: "Wazee wangu, naomba mmoja anitazamie taa ya nyuma, mimi nakanyaga breki."

Mmoja. Nilisema mmoja. Wakainuka sita, na muuza kahawa nyuma yao na birika lake.

"Kanyaga breki, mwanangu!" akaamuru Mzee wa Reli. Alifanya kazi stesheni mpaka akastaafu, kwa hiyo chochote chenye magurudumu ni chake kukiamuru.

Nikakanyaga.

"Imewaka!"

"Weye nawe! Hilo jua. Jua limepiga kwenye kioo chekundu. Achia, mwanangu!"

Nikaachia.

"Si mnaona? Inawaka vilevile."

"Basi imekwama."

"Taa haikwami, hukwama mlango."

Wakati huo fundi cherehani, ambaye hakuna aliyemtuma mbele ya gari, akapaza sauti: "Huku mbele zimewaka! Hivi vitaa vidogo! Akikanyaga vinawaka!"

"Mbele hakuna breki, rudi huku!"

"Miye nasema ninachokiona!"

Na wallahi hata mimi ndani nikaona. Kila nikikanyaga, dashibodi nzima inang'aa, geji ya mafuta inaonekana vizuri jinsi ilivyo tupu, na redio ambayo haijaimba tangu 2019 inatoa mwanga wa kijani. Nikapiga bismillahi.

Baraza likagawanyika. Kambi ya Mbele ilikuwa na mtu mmoja, lakini alikuwa na sauti. Kambi ya Nyuma ilikuwa na watu watano na mgogoro wa jua. Katikati yao Mzee wa Reli akafungua darasa: kwamba reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, kwamba taa ya behewa la mwisho ni taa tu, inawaka, basi, haina mambo ya kukanyagwa, na kwamba hajawahi kuona treni ikitafuta mtu wa kuitazamia makalio. Mguu wangu ukaanza kufa ganzi.

"Niachie, wazee?"

"Usiachie! Bado hatujakubaliana."

Ili kumaliza ubishi wa jua, mcheza bao mmoja akavua kikoi chake (alikuwa na suruali ndani, msihofu), akakitandaza kwenye pembe ya nyuma ya gari, akaingiza kichwa humo gizani. Akaingia wa pili amsaidie kuona. Wa tatu akashika pindo upepo usilifunue. Waliobaki wakasimama pembeni, mikono nyuma, vichwa chini.

Hebu itazameni picha hiyo kwa macho ya mpita njia. Pikapu imesimama. Wazee wa mtaa wameizunguka. Nguo imetandazwa juu ya kitu. Dereva kakamata usukani kwa mikono miwili, kakodoa mbele, jasho linamtoka.

Mama mmoja mwenye kapu la mchicha akasimama, akavuta mtandio wake vizuri. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Vipi tena?"

Chini ya kikoi ikatoka sauti: "Upande wa kulia umekufa. Wa kushoto bado una uhai."

"Maskini," akasema mama. "Kiharusi."

Sikumsikia. Ningemsikia ningeachia breki na mambo yangeishia hapo. Alikwenda na mchicha wake na ile habari, na nyie mnajua habari ya namna hiyo inavyotembea Makorora. Baada ya muda nikaona kwenye kioo cha pembeni watu wamekuwa kumi na tano. Halafu thelathini. Mtu akaja na jamvi kwapani. Vijana wawili wakaulizana kama ni baada ya adhuhuri au alasiri. Mmoja akanikaribia dirishani, akanipiga bega taratibu.

"Pole sana, kaka. Kazi ya Mungu."

"Hakuna kazi ya Mungu hapa, ni balbu!"

Akatikisa kichwa kwa huruma, akawageukia wenzake. "Mwacheni kwanza. Bado hajaamini."

"Ndiye mtoto wa marehemu?"

"Ndiye. Mwone anavyoushika usukani."

Na kofia ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Niliiona ikipita kwenye kioo, inaingia mia tano, inaingia elfu, mama wa mchicha katia elfu mbili nzima. Ilipofika elfu nane na mia tano, nakiri mbele yenu, kichwa changu kilifanya hesabu chenyewe bila ruhusa yangu: thelathini kutoa nane na nusu. Mungu anisamehe.

Yule mwenye jamvi alipofungua mlango wa nyuma wa bodi, achungulie marehemu atalala wapi kati ya matenga ya machungwa, ndipo kichaa kikanipanda. Nikaachia breki, nikashuka na mguu mmoja uliokufa ganzi, nikasema kila kilichokuwa moyoni tangu ninunue gari hili. Kwamba pikapu hii imebeba maiti wa kweli wa mtaa huu na sikuwahi kukataa. Imebeba masanduku ya maharusi, mbuzi wa Idi, saruji ya madrasa, makabati ya wapangaji waliofukuzwa na ya wapangaji walioingia. Mafuta mnachangia dua, tairi mnachangia "Mungu atakulipa". Ikiwa na machungwa ni yenu, ikiwa na faini ni yangu. Leo naomba jicho moja, jicho moja tu la kunitazamia taa, mnanizikia mtu!

Kimya. Hata birika lilinyamaza.

Kisha muuza kahawa akasema, "Sasa si ungesema mapema?"

Kurudisha michango nayo ikawa kesi. Iliyoingia kofiani ni elfu nane na mia tano. Iliyodaiwa kurudishwa ni elfu kumi na moja. Tofauti nimelipa mimi.

Taa yenyewe imetengenezwa na mzee mmoja fundi umeme kule Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Hakuuliza salamu, hakuuliza gari ni la mwaka gani. Aliichomoa balbu, akaiweka kwenye kiganja, akanivuta karibu. "Tazama kitako chake." Nikatazama. Kitako kilikuwa na kinundu kimoja tu cha risasi katikati. Akaweka nyingine ya dukani kando yake. Hiyo ina vinundu viwili, na ndani ya kioo nyuzi mbili, mmoja wa wati 21 wa breki, mmoja wa wati 5 wa taa ya usiku. Ubavuni ina vipini viwili, kimoja juu kimoja chini, ili mtu asiichomeke kinyume. Ya kwangu ilikuwa ya indiketa, ya uzi mmoja. Vipini vyake vilikuwa sawasawa, kwa hiyo haiingii pale. Isipokuwa ukikitia tupa kipini kimoja mpaka kiishe. Kilikuwa kimetiwa tupa mpaka kinang'aa.

Huo ndio ubishi wake. Kile kinundu kimoja kilikuwa kimelala juu ya nyaya mbili na kuziunganisha, umeme wa breki unavuka unakwenda kwenye taa ndogo za gari zima, mbele, nyuma, na dashibodi. Yaani fundi cherehani alikuwa anasema kweli peke yake muda wote ule. Sijamwambia, na sitamwambia.

Fundi akasugua holda kwa msasa, ikatoka kutu ya kijani kama ugoro, maana hewa ya bahari hapa haina dogo, akakaza na waya wa ethi, akaniwekea balbu sahihi. Elfu moja na mia tano. Nikatoa haraka kabla hajaona kitu kingine. Akaona kitu kingine.

"Tairi hizi umenunua lini?"

"Mwezi wa pili. Mpya."

Akapiga magoti, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole gumba, akanisomea namba nne za mwisho: 1114. Yaani limetengenezwa wiki ya 11, mwaka 2014. Tairi langu jipya lingekuwa mtoto, lingeshamaliza darasa la tatu. Nilijua zina mistari mistari ubavuni, nikadhani ni urembo.

Upepo wake ndio usiseme. Kibandiko cha mlangoni ni Kijapani kitupu, ila 240 inasomeka, na kijana wa pancha aliisoma. "Nijaze 240, mzee?" Geji yake ya paundi, na hiyo 240 ni kilopaskali, kama paundi 35 hivi. Angejaza hizo zake, mlango wa kamba ya katani ungetua Pangani. Nikamwambia 35, na nyuma aongeze maana nabeba mzigo. Akatupa geji pembeni, akajaza kwa sikio, akamaliza kwa kulipiga tairi teke. Kila tairi teke lake.

Spea tairi ninalo. Linaning'inia chini ya bodi kwa mnyororo, na mnyororo umeliwa na kutu mpaka winchi haizunguki, kwa hiyo ninalo kwa maana ya kuwa nalo.

Jana jioni Mzee wa Reli kanifuata nyumbani. Nikajua kaja kuomba radhi, nikamtolea kiti na sambusa. Akala nne. Akauliza kama taa imepona, nikasema imepona. Akashukuru Mungu, akasema kwamba basi ni vizuri, maana binti yake anahamia Sahare Jumamosi, kuna kabati la milango mitatu, na pikapu si ipo tu. Akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi wa taa, wao wenyewe watakaa nyuma na kabati, watakuwa wananiambia.

Na yule wa bajaji nimemwona leo mchana pale Chuda, kafunga breki mbele yangu ghafla. Taa yake ya kushoto haiwaki kabisa. Nimenyamaza.