Shingo Nyeusi Haisuguliwi kwa Ndimu

Bi harusi yuko ndani, amekwisha singwa, hina inakauka mikononi. Mmoja wa kina mama waliomzunguka anainua nywele zake, anamgusa shingoni. "Na hivi vinyama je? Tuvitoe kabla ya kupambwa." Uzi wa kuvifungia unatafutwa. Nimeliona hili hapa Mombasa, kwenye nyumba za watu wangu mwenyewe, na kila mara moyo hunienda mbio.

Hunienda mbio kwa sababu ya binti wa mama yangu mdogo. Yeye hakufungwa uzi. Alipelekwa kwa mpambaji mmoja akapakwa maji ya dawa ambayo jina lake hakuambiwa. Kinyama kikaanguka, kweli. Lakini mahali pake pakaota kovu, likapanda na kutanuka hata likakipita kinyama chenyewe mara kadhaa. Leo, miaka sita baadaye, hata nyumbani na joto letu hili hauvui mtandio.

Na kinyama chenyewe hakikuwa na neno. Vile vinyama laini vinavyoning'inia kwenye kikonyo chembamba shingoni, kwapani, chini ya matiti au kwenye kope, haviambukizi wala si saratani. Huota pale ngozi inaposuguana na ngozi, au na mkufu. Chunjua ni jambo jingine: inakwaruza, huletwa na virusi, na ukiikwangua kwa wembe unaweza kuisambaza. Yale madoa meusi yaliyoinuka mashavuni mwa nyanya zetu nayo hurithiwa ukooni, hayana madhara yoyote, na mimi huyaona mazuri.

Linaloniuma zaidi ni shingo. Wako wasichana ambao shingo zao zimekuwa nyeusi na nene kama mahameli, vinyama vimejaa, na wanaambiwa hawajui kuoga. Wanasuguliwa kwa ndimu, kwa dodoki, hata kwa brashi ya kufulia, mpaka wanatoka damu. Ule si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia vizuri insulini, na ugonjwa wa sukari huenda uko njiani. Mtoto anahitaji kupimwa sukari, naye anapewa ndimu na maneno ya kumvunja moyo. Mimi nilipokwenda kuonyesha vinyama vyangu, swali la kwanza la daktari lilikuwa ni nani kwetu ana sukari. Nikahesabu: baba, shangazi wawili, nyanya.

Simlaumu anayetaka kuvitoa kwa ajili ya urembo. Kutaka kujitazama kwenye kioo na kuridhika si upuuzi, na mkufu unaonasa kwenye kinyama kila siku ni kero ya kweli. Ila mtu atolewe na mwenye kazi yake. Kwa daktari wa ngozi, kinyama kidogo hutiwa ganzi kikakatwa kwa mkasi safi, au kikachomwa kwa umeme, na ni kazi ya dakika chache. Kuna pia kugandisha kwa naitrojeni, ambayo baridi yake hufika nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo sisi wenye ngozi nyeusi tuulize kwanza, kwa kuwa seli zinazotupa rangi hazistahimili baridi, na unaweza kubaki na baka jeupe mahali palipokuwa na kinyama. Muulize daktari waziwazi kama amezoea ngozi kama yako. Na kama ulitoga sikio likaota kovu la kuvimba, mwambie kabla hajashika mkasi. Laiti yule binti wa mama yangu mdogo angeulizwa hilo! Sikio lake la kushoto lilikuwa na kovu kama hilo tangu utotoni, na kila mtu pale aliliona.

Kuna vitu visivyotolewa kabla ya kutazamwa: kinachobadilika rangi, kinachokua haraka, kinachotoka damu chenyewe. Saratani mbaya ya ngozi, kwa watu weusi, hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ya mwimbaji Bob Marley iligunduliwa kwenye kidole chake cha mguu mwaka 1977, naye akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Sisi tunaoshinda na ndara tuna kila nafasi ya kugeuza nyayo zetu tukazitazama.

Binti wa kaka yangu anaolewa Mfungo Sita, naye ana vinyama vitano shingoni anavyotaka vitoke. Nimemwomba mamake tusingoje wiki ya harusi, maana kidonda huchukua wiki mbili tatu kupona na doa lake linaweza kukaa miezi kabla ya kufifia. Jumatatu tunakwenda kupima sukari, kisha kwa daktari wa ngozi. Asubuhi na mapema, kabla jua halijakuwa kali.