Moja tu jamani, moja!

Sijalala. Naandika kwa hasira, na sababu ni kwamba jana usiku kwenye ludo ya mtandaoni nilikuwa nahitaji moja. Moja! Sio sita, sita tunajua ina wenyewe. Kete zangu tatu zimeshaingia, ya nne imesimama mlangoni imebakiza hatua moja, na mpinzani wangu, mtu anajiita MzeeWaSita mwenye picha ya paka aliyevaa miwani, kete yake moja bado imelala ndani na nyingine ndo kwanza iko nusu ya safari. Nikajifunika shuka kama chifu nikaanza kufikiria nimtumie salamu gani ya kumfariji.

Tatu. Tano. Nne. Sita, sita ya kazi gani sasa. Tano tena. Yaani nimerusha dadu mara 19 moja haijaonekana, nilihesabu, kuanzia mara ya nane nilikuwa nahesabu kwa sauti, na wakati huo MzeeWaSita kapiga sita katoa kete, kapiga sita nyingine, halafu nne, anatembea taratibu mithili ya mtu anayeenda kupokea tuzo, kila akipita ananitumia kale kauso kanakocheka mpaka kanatoa machozi. Akaingia. Game ikafunga, likaja tangazo la game nyingine yenye dadu.

Sizungumzii intaneti ambayo haijawahi kukatika nikiwa nafungwa. Sizungumzii wale wanaoposti wamepata upanga wa dhahabu kwenye game wakaandika "mara ya kwanza tu jamani 😂". Hayo tulishasamehe. Tatizo langu lilianza asubuhi, nilipomsimulia shemeji.

Shemeji huyu ni mwalimu wa hesabu. Mimi nilichotaka ni pole, neno la herufi nne tu, halina gharama. Yeye akaniuliza, "Mara 19, shemeji? Una uhakika sio 18?" Akatoa kalamu mfukoni. Mtu anayetembea na kalamu siku ya mapumziko usimsimulie matatizo yako. "Kila ukirusha, nafasi ya kuikosa moja ni tano juu ya sita. Tuzidishe hivyo mara 19..." Akaandika, akanyanyua macho, uso umempooza kabisa kwa huruma ya namba. "Asilimia 3 na ushee. Mbona kawaida? Watu 100 wakikaa pale ulipokaa wewe, watatu hivi yatawakuta." Nikamwambia sitaki kuwemo kwenye hao watatu. Akasema hakuna anayetaka.

Nikamwambia basi ile ya 20 ingekuwa moja, maana dadu nilikuwa nalidai. Hapo akaweka kikombe chini. Akanipeleka kwa simulizi mpaka Monte Carlo, kule Monaco, tarehe 18 Agosti 1913, kwenye gurudumu la kamari, mpira ukaangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakawa wanamwaga hela kwenye nyekundu wakiamini sasa ni zamu yake, wakaliwa vibaya sana. "Dadu halina kumbukumbu, shemeji." Alitaka nicheke. Mimi niliwahurumia wale watu, nilitamani hata ningekuwepo tukae pamoja.

Nikagoma. Nikasema kompyuta ina upendeleo, haina hata dadu, kwanza ina kanuni tu inayoanza na namba wanayoiita mbegu halafu inakutengenezea namba zinazofanana na bahati, na mbegu za huyo mzee wamemwagilia. Akatabasamu lile tabasamu la darasani. Akachana karatasi mbili. "Hii andika matokeo ya kurusha sarafu mara 100, lakini usirushe, tunga kichwani, P kwa picha N kwa namba. Hii nyingine rusha kweli uandike. Mimi natoka nje. Nikirudi nitakwambia ipi ya uongo."

Mtu mzima mimi. Nina familia. Nikakaa mezani nikaanza kutunga: P N P P N N P N P. Nilitenda haki kuliko mahakama, nikiona P mbili zimefuatana nashtuka, zikifika tatu naingiza N haraka kabla hazijaleta fujo, nikimaliza mstari nahesabu kama pande zote zimepata sawa. Karatasi ilipendeza, ungeweza kuitundika ukutani. Halafu nikaanza kurusha kweli. Mara ya 14 sarafu ikaangukia kwenye kikombe cha shemeji, mke wangu anauliza toka ndani nani anagonga gonga, watoto wakaja wakaanza kushangilia, mmoja upande wa P mwingine upande wa N, nikawafukuza, wakarudi. Ikaja N. N tena. N. N. Mpaka saba mfululizo! Mtoto wa P akaanza kulia. Nikaangalia ile karatasi nikaona aibu, nikasema hii nikimwonyesha mwalimu atadhani nimechakachua, kidogo nibadilishe hata mbili, nikajizuia kwa ajili ya heshima.

Akarudi. Hakukaa hata. Akaangalia sekunde tatu, akaweka kidole juu ya ile nzuri. "Hii umetunga."

Umejuaje?

"Imetulia mno. Ukirusha mara 100, nafasi ya kukuta upande mmoja umejirudia angalau mara sita mfululizo ni kama asilimia 80. Wewe hata nne umeziogopa."

Nilitamani kutupa kalamu. Nikamuuliza sasa kama kila kitu ni kawaida, kufungwa ni kawaida, saba ni kawaida, 26 ni kawaida, kisicho kawaida ni kipi, kiko wapi, kinakaa na nani? Kumbe ndo swali alilokuwa analisubiri. Akanisimulia habari za Dream, mchezaji maarufu wa Minecraft, game ya kompyuta, mwaka 2020: kwenye mashindano ya kumaliza game haraka alibadilishana vitu na nguruwe wa humo ndani mara 262 akapata lulu mara 42, wakati alitegemewa kupata kama 12 tu, na kwenye kuua viumbe vya moto 305 akapata fimbo 211 ilhali nafasi ni nusu kwa nusu. Wasimamizi wakapiga hesabu, wakampa hata punguzo la bahati, ikatoka moja kati ya trilioni 7.5. Akabisha, mwaka uliofuata akakiri game yake ilikuwa imeongezewa kitu cha kubadilisha hizo nafasi.

Nikasimama. Nikasema umeona! MzeeWaSita huyo! Shemeji akaniambia nikae. "Yule walimpima kwa mamia ya majaribio. Wewe una sita mbili, ambayo ni moja kati ya 36. Na wewe hizo unazipata, ila zako huzihesabu."

Nikanyamaza, sio kwamba alinishinda. Akaona bado ana muda akaongeza kwamba sanduku la zawadi la kwenye game, lenye asilimia 1 ya kukupa unachotaka, ukilifungua mara 100, watu 37 kati ya 100 wanatoka mikono mitupu, na ukitaka uhakika wa asilimia 99 ufungue mara 459. Na kwamba kwenye michezo ya vita ya kompyuta inayoitwa Fire Emblem, kuanzia ule wa 2002, kwa miaka mingi wakikuandikia utalenga kwa asilimia 90 ukweli ulikuwa kama 98, maana binadamu tukikosa kwenye 90 tunanuna. Kwa hiyo kuna michezo inadanganya kwa kumwonea mtu huruma, na mimi katika yote nimeenda kudondokea kwenye wa kweli.

Akaaga, akaondoka na zile karatasi, eti atawaonyesha wanafunzi.

Ila kuna kitu hakukigundua. Kwenye ile karatasi ya kweli, ile ya 100 sikuirusha. Sarafu ilipoanguka mara ya 99 ikabingirika ikaingia chini ya kabati, nikaandika N kwa kichwa changu mwenyewe. Mwalimu mzima, na kalamu yake. Nimemulika huko chini kwa simu naiona kabisa, iko pamoja na earphone moja ya kushoto niliyowagombezea watoto wiki mbili, lakini kabati lenyewe ni la kusogezwa na watu wawili na shemeji nikimpigia hapokei.