Aliyelikalia Debe ni Hewa, Si Mimi

Wapendwa mnaonifuata, kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza ujumbe wa sauti unaodai kwamba nililikalia debe la mama mkwe likabonyea, naomba nijitetee kabla ujumbe huo haujatoka Dodoma ukaingia Singida.

Debe lenyewe ni la bati, lenye kifuniko cha kuzungusha, nalo lilikuwa likisubiri mafuta mapya ya alizeti huku likinuka ya zamani. Mimi, mwalimu wa kemia, nikajitolea kulisafisha kisomi: nikatia maji kidogo, nikaliinjika mpaka mvuke ukafoka na kuisukuma nje karibu hewa yote, kisha nikaliepua na, kwa kuogopa vumbi letu mnalolijua, nikakikaza kifuniko.

Nikaketi barazani na wakwe, nikawaeleza, bila kuulizwa, kwamba humo ndani kuna msawazo: molekuli zinazotoka majini kuwa mvuke ni sawa kwa idadi na zile zinazorudi kuwa maji. Nikaongeza kwamba Dodoma, kwa kuwa iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Baba mkwe akaitikia kwa adabu.

Ndipo upepo wa jioni ulipovuma. Debe likasema "ko". Mama mkwe akaacha kuchambua mlenda. Likasema "ko" tena, na ule ubavu ulioandikwa jina lake kwa rangi nyekundu ukaanza kuingia ndani polepole, herufi baada ya herufi, mpaka jina likakunjika katikati. Nilijua vyema kinachotendeka: joto likishuka, msawazo huhamia upande wa maji, mvuke hupungua, na hewa ya nje, inayoelemea kila sentimita ya mraba kwa karibu kilo moja, hukosa wa kushindana nayo. Kujua hakukunifaa kitu. Nilinyoosha mkono kama anayemsihi ng'ombe asiingie shambani, na papo hapo debe lote likajikunja kwa kishindo, kuku wakaruka ukuta, bibi akaagiza aletewe Biblia.

"Baba," mama mkwe akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "hizo molekuli zinarudi lini?"

Nimenunua dumu la plastiki, nimesamehewa, na baba mkwe amenipiga marufuku kufunga chochote chenye kifuniko nyumbani kwake, chupa ya chai ikiwemo. Na huyo mwenye ujumbe wa sauti hakuweza kuona nani amekalia nini, kwa maana alikimbia kabla ya kuku.