Wamenihesabia "donc" kumi na moja

Jamani, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Katuba, Lubumbashi. Kutwa ni mageti, madirisha na viti vya baa, na mdomo nao haukai bure. Kwenye kilio chochote cha mtaani kwetu, ikifika saa ya kumuaga marehemu, watu hugeuka kunitazama. Mwezi uliopita nilimsemea jirani vizuri hata dereva wa gari la maiti akazima injini, akashuka, akanunua mihogo na karanga, akala akamaliza. Mimi niliona ni heshima. Binti yangu anayesoma chuo kikuu, kule Kasapa, aliona lingine.

"Papa, unasemaka sana. Jumamosi twende ku klabu yetu, watakufundisha kusema."

Mimi nifundishwe kusema! Ni kama kumpeleka samaki ziwa Moero akajifunze kuogelea. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, na fundi wa kuchomelea asiye na umeme kazi yake ni kukaa akitazamana na vyuma. Nikaenda.

Mahali penyewe ni darasa la shule kule Kampemba, viti vya watoto wadogo, ukikaa magoti yanagusa kidevu. Mwenyekiti akaeleza kwamba vilabu vya namna hii vilianzishwa na Mmarekani, Ralph Smedley, kule California mwaka 1924. Nikapiga hesabu kimyakimya. Lubumbashi ilizaliwa 1910. Yaani mji wetu una miaka 14, bado unanyonya kidole, wenzetu wameshaanza kupimiana maneno kwa saa! Hapo ndipo ningeondoka.

Maana pale kila mtu ana kazi ya kukuvizia. Kuna mwenye saa na kadi zake tatu. Hotuba uliyoiandaa nyumbani, dakika ya 5 anainua kijani, ya 6 njano, ya 7 nyekundu. Ukiitwa kwa ghafla kujibu swali, unazo 2 tu, hata salamu za kilio hazienei humo. Kuna mwenye sarufi. Na kuna mama mmoja mpole, ana daftari na kengele ndogo. Nikadhani ndiye anayeandika mahudhurio, nikamwinamia kwa adabu: "Eee, mama, habari ya leo?" Kengele ikalia. Kumbe kazi yake ni kuhesabu "eee" za watu.

Na Jumamosi hiyo, kwa bahati yangu, ilikuwa ya Kiswahili bora. Siku nyingine wanasema Kifaransa. Siku hiyo kila neno la Kifaransa, na kila "eee", ni franka 100. Wewe unaujua mji huu. Mtu wa hapa ukimnyang'anya "donc", ile "basi" ya Kifaransa, hawezi hata kununua nyanya. Hesabu ndiyo usiseme: Kiswahili chetu kinatufikisha kumi, baada ya hapo bei zote ni za Kifaransa.

Akasimama kijana wa koti la buluu. Hotuba yake: misalaba ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya mababu zetu huku Katanga. Sauti nzuri, mikono inapepea kama kanga juani, "eee" hata moja. Nikaanza kumpenda. Halafu akasema mababu waliyeyusha shaba kwa moto wa kuni wa kawaida, kama wa kusongea bukari, ugali wetu.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeshtuka. Mama wa kengele amelala na kengele yake. Jamani, ingekuwa hivyo, si sufuria zetu zote za shaba zingekuwa supu? Mababu walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavukuta mivukuto mpaka mabega yakauma. Walikuwa mafundi, wale, si wapishi.

Nikaapa nitamrekebisha. Mungu si Athumani, nikaitwa kwenye maswali ya ghafla. Nikaokota karatasi: bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, lingekuwa na mdomo, lingesema nini? Swali langu kabisa! Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti, nikaanza kama mtu aliyelelewa: mheshimiwa mwenyekiti, wazee wenzangu, mama zetu, vijana tunaowategemea, mwenye saa, mwenye sarufi, wageni waliotoka mbali, na ambao hawakuweza kufika. Donc. Kengele. Bon. Kengele. Kufumba na kufumbua, njano hiyo.

Nikakata shauri niingie kwenye shaba moja kwa moja. "Lingesema, donc, shaba haiyeyuki kwa moto wa bukari! Inataka digrii..." Na digrii ninazijua, ndugu, ninazijua kama jina la mke wangu. Lakini kichwani zimekaa kwa Kifaransa. Nikaanza kutafuta. Elfu moja... elfu moja na... Nikahesabu kwa vidole. Binti yangu akainamisha uso. "Elfu moja na... eee... mille quatre-vingt-cinq!" Yaani 1085. Kadi nyekundu.

Wakasoma matokeo: "donc" 11, "bon" 6, "eee" 9. Na ile namba yangu mama akaihesabu maneno manne: mille, quatre, vingt, cinq. Nikabisha kwamba namba ni kitu kimoja, hata ukiikatakata. Akasema nimeitamka kwa vipande, nitalipa kwa vipande. Jumla 30, franka 3,000. Mtathmini akanipongeza kwa sauti inayosikika mpaka nje, akanishauri nipunguze salamu, halafu akanipongeza kwa viatu. Kijana wa bukari akapewa utepe wa msemaji bora.

Binti yangu alidhani sitarudi. Narudi. Waligawa kazi za Jumamosi ijayo, nikaomba kadi. Ile yao ni karatasi tu, mtu wa mbele hata haioni vizuri. Nimekata bati zito kwa msumeno wa mkono, mviringo, upana wa sinia, nimelipaka rangi nyekundu mara mbili. Nasikia yule kijana atasema tena, na safari hii ni kuhusu chuma. Umeme ukirudi leo usiku, nachomelea mpini.